Walitaka Kujua Ndama Ni Nani

Ndabibi, 12 Mei 2025

Kwa Bi Ruqaiya,

Mpendwa mshauri, nakusikiliza redioni kila wiki, naomba msaada wako kabla ya tarehe thelathini. Mume wangu Thuo alifariki Septemba iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Miaka kumi na moja alichoma nyama kwenye vibanda vya barabarani Kikopey na kuja nyumbani Jumapili, na kila jioni alinitumia meseji ya maneno mawili, "Habari huko?", nami nilimjibu kuku ametaga wapi na mvua imenyesha upande gani, na alipokufa sikuweza kuacha, kwa hivyo simu yake naichaji, naweka kredo kidogo laini isifungwe, na kila jioni namwandikia, naisikia ikilia ndani ya kabati la vyombo, naridhika, napika.

Thuo alikuwa pia katibu wa kamati yetu inayodai hatimiliki za shamba hili. Labda ndiyo sababu ya yaliyonipata, sijui. Wiki jana walikuja wanaume wawili wasio na sare, wakasema wanatoka serikalini, nikawapa chai. Mmoja, kijana mrefu, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, yenye saa na dakika, akasoma: "Amefika salama. Ni jike, ana alama nyeupe kwenye paji. Nimempa jina la mama yako." Ni meseji yangu, neno kwa neno.

"Mathe, huyu aliyefika ni nani?"

"Ndama."

"Usitucheze. Ndama ni nani?"

"Ni mtoto wa ng'ombe," nikasema, nikawapeleka zizini wakamwona, akamlamba yule mrefu mkono, mwenzake akacheka, lakini hawakuridhika. Walisema mtu aliyekufa haandikiwi, hiyo ni lugha ya kamati, nipeleke simu zote mbili na namba za siri ofisini kwao Naivasha tarehe thelathini.

Jioni hiyo nilimgombeza wifi yangu Waithera, dada ya Thuo, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kunikuta nikiandika. Nilimwambia ulimi wake umeniletea serikali. Aliweka ndoo ya maziwa chini, akasema, "Nyakio, mimi nilidhani unamwandikia mwanamume mwingine, na bado nilinyamaza." Akaenda, hajarudi.

Ndani ya simu yangu kuna sauti ya Thuo akiniuliza kama nimefunga mlango wa kuku. Sina sauti yake nyingine. Nikiipeleka simu nahofia haitarudi, nisipoipeleka nahofia watarudi wao. Nifanye nini? Barua ni nyingi mezani kwako, lakini unikumbuke.

Nyakio

*

Bi Nyakio, pole kwa kuondokewa na Thuo. Pole pia kwa wageni waliokunywa chai yako huku wakikusomea maneno yako.

Sasa nikugombeze. Karatasi ile ilikuwa na saa na dakika. Waithera anakamua ng'ombe, hapigi chapa! Meseji zako zilisomwa na mtu usiyemjua, kwa njia ambayo wao ndio wanaopaswa kuieleza. Lakini wewe, kwa kuwa aliyesoma humwoni, ulimkamata aliyesimama karibu. Ukisikilizwa kisirisiri, hicho ndicho kitu cha kwanza unachopokonywa: watu wako.

Simu usiwape mikononi hivi hivi. Katiba, kifungu cha thelathini na moja, inalinda nyumba yako na mawasiliano yako, uwe mjane wa katibu au wa waziri. Wanaozitaka walete amri ya korti kwa maandishi. Usifute meseji hata moja, maana anayefuta huonekana anaficha. Majina ya wale wawili na namba zao za kazi uulize na uandike. Uliwapa chai bila kuuliza, usirudie. Tarehe thelathini usiende peke yako. Piga simu hapa studioni, Elphas anayepokea simu zetu atakupa namba ya mawakili wa Nakuru wanaosaidia bila malipo, na wakili akikuambia jambo tofauti na langu, fuata lake.

Lakini kabla ya wakili, nenda kwa Waithera. Nenda kwa miguu, usimpigie. Mwombe radhi, kisha mwekee ile sauti kwenye simu yake. Ikichukuliwa yako, yake itabaki, na Thuo alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wako.

Na kuandika usiache. Jioni hiyo hiyo mwambie Thuo kwamba mmepatana, na mlango wa kuku umefungwa. Akisoma mtu mwingine, naye ajue.