Hoja ya Viazi

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Ironwood,
Mesa, Arizona.
13 Mei

Mpendwa Shangazi Verna,

Pokea salamu zangu za heshima na upendo. Je, kile kikohozi kimeachia? Barafu ya ziwani imeyeyuka, au bado unatoka na mabuti? Sisi hapa wazima, ila joto limewahi mwaka huu. Baba ameimaliza jamu uliyotutumia peke yake, kwa kijiko, wala haoni haya.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kazi imenichosha roho. Unajua kampuni yetu inasimamia vyama vya wenye nyumba, kumi na vinne kwa jumla. Tangu Januari mihtasari ya mikutano yao inaandikwa na akili mnemba. Mashine inasikiliza, inaandika, na uamuzi ukishapita inautekeleza yenyewe: inatuma barua, inatafuta mkandarasi, inapanga siku. Kazi yangu ni kuusoma muhtasari na kuuthibitisha kwa jina langu.

Sasa sikiliza kichekesho. Mwezi wa tatu nilihudhuria mkutano mkuu wa mtaa uitwao Copper Wren. Walibishana saa nzima juu ya bwawa la kuogelea: nani anaacha taulo, wajukuu wa nani wanapiga kelele. Mzee mmoja, Bwana Jankowski, akachoka, akasema, "Basi lifukieni, tupande viazi!" Jirani yake akadakia, "Naunga mkono, mradi viwe vya kukaanga!" Mwenyekiti, Bibi Pruitt, akagonga meza huku akicheka: "Imepita!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mimi nilicheka.

Mashine haikucheka. Iliandika kwamba hoja ya kufukia bwawa na kupanda mboga imetolewa, imeungwa mkono na kupita bila kupingwa.

Nami nikauthibitisha muhtasari huo. Shangazi, sikuusoma. Asubuhi ya kuuthibitisha nilikuwa na mihtasari kumi na minne mezani, na bosi wangu, Bwana Delaney, amesimama nyuma yangu. "Karin, mashine haisinzii. Wewe weka jina, twende." Nikaweka. Mwezi wa nne kamati yao ikaupitisha muhtasari bila kuufungua. Wiki iliyopita geti la bwawa likafungwa kwa kufuli. Malori ya udongo yanakuja kesho saa moja asubuhi.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Jankowski mwenyewe. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari amemwambia aogelee kila siku, la sivyo atarudi kwenye kiti cha magurudumu. "Binti," akaniambia, "miaka sabini na sita hakuna aliyenisikiliza, hata mke wangu. Siku ya kusikilizwa ndiyo hii?" Alikuwa ameshailalamikia mashine. Ikamjibu kwa kumpongeza kwa hoja yake nzuri.

Nikampigia Bibi Pruitt. Akasema hakumbuki kugonga meza, na kwamba uamuzi wa wanachama hutenguliwa na wanachama. Wanachama gani? Nusu yao wamekwishakimbilia kwenu huko Minnesota kukwepa joto, akidi haitimii mpaka Oktoba. Sauti ya mkutano nayo ilishafutwa, maana mashine huifuta baada ya siku thelathini.

Kanuni zao nimezisoma mara nne. Zimeacha njia moja tu: aliyethibitisha muhtasari akiuondoa uthibitisho wake kwa maandishi na kueleza sababu, utekelezaji unasimamishwa papo hapo. Aliyethibitisha ni mimi. Sababu ni kwamba sikusoma.

Nilimwambia Bwana Delaney. Akafunga mlango. "Ukiandika hivyo, umejifukuza mwenyewe. Na hiyo mihtasari mingine kumi na mitatu, uliisoma?" Nikaufungua mlango, nikatoka. Leo ni siku ya pili usiku silali vizuri. Nina miezi minane tu kazini, Shangazi, na Baba anamwambia kila mtu kanisani kwamba bintiye anafanya kazi ofisini.

Nimekaa hapa ofisini na chakula changu cha mchana sijakigusa. Barua ya kuondoa uthibitisho iko mbele yangu kwenye kompyuta, mistari sita. Nimeifuta na kuiandika upya mpaka nimejichukia. Natamani ungekuwa karibu uniambie la kufanya, ingawa najua utasema nini.

Nimeituma. Nimeituma sasa hivi, kati ya aya iliyopita na hii. Nimeituma kwa kamati, kwa mkandarasi na kwa kila nyumba. Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Simu ya mezani inaita. Ni namba ya Bwana Delaney. Ingoje, sijamaliza salamu. Msalimie Mjomba Arvid, na Ingrid na mtoto wake, na yule jirani yako anayekuondolea theluji mlangoni. Mungu akupe pumzi nzuri na usingizi mnono. Bado inaita.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Karin