Samaki Wenye Manjano

Mjukuu wangu Zaina,

Pokea salamu za Kasongo. Sote tu wazima, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha. Umeniuliza nani alinifundisha kupika samaki kwa manjano na tangawizi, maana kwetu Kabambare tulitia mawese na chumvi tu.

Nilipoolewa huku, wakati wa Wabelgiji, jirani yetu alikuwa bibi arusi wa Kihindi, mke wa mwenye duka. Hakujua Kiswahili, na kila siku alilia mlangoni peke yake. Kiangazi kilipofika, maji ya Lualaba yakapungua na samaki wakajaa sokoni. Nikamwita jikoni kwangu. Nilipogeuka kuchukua kuni, akamwaga unga wa njano na tangawizi ndani ya chungu changu cha samaki!

"Mama wee! Umeharibu chakula ya bwana yangu!"

Akachota mchuzi, akanilisha kama mutoto. Nikachota mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Nikaonyesha chungu, nikasema, "Samaki."

"Samaki," akajibu. Ndilo neno lake la kwanza.

Babu yako alirudi, akala kipande tulichomwachia, akauliza, "Iko ingine?"

Haikubaki hata mifupa. Tulikuwa tumemaliza sisi wawili.

Bibi yako akupendaye,
Mwavita