Maharage Yaliyopewa Jina Lako

Mbinga Mjini,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Walburga,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti liwe limekuacha ulale. Shemeji Methodi msalimie sana. Mwambie usipa aliotuma, dagaa wa ziwa lenu, ulifika mkavu, tumeula wiki nzima mpaka majirani wakajua. Sisi huku tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na baridi inatutafuna kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa sababu Natalia anataka kushuka Mbamba Bay kukuona, Alhamisi. Najua utakavyosema. Miaka arobaini hujaitikia salamu yake, na ukimwona mlangoni utafunga. Naomba usiamue kufunga kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Unaujua ugomvi wangu na majina ya vyakula. Wahariri wa magazeti wameuchoka mwandiko wangu. Tunasema mahindi kana kwamba yalizaliwa India, na hali yalivuka bahari kutoka Amerika. Viazi tunaviita vya ulaya, navyo vimetoka huko huko Amerika. Ulaya nayo ililetewa tu, kama sisi. Mapera ndiyo usiseme: Mreno akitamka pera anataka tunda jingine kabisa. Jina la chakula ni shahidi wa uongo. Nimelisema hilo hata kwenye mkutano wa parokia, wakanipigia makofi ili niketi.

Basi, Jumanne niliingia mgahawa mpya karibu na stendi. Ubaoni wameandika kwa chaki: wali samaki, ugali dagaa, chapati walburga. Nikamuuliza binti anayehudumia, Winnie, hiyo walburga ni nini. Akaniletea maharage yaliyopikwa mpaka yakavurugika, mazito kama uji, na matamu, dada, sitakuficha. Nikataka kujua jina limetoka wapi. Winnie akasema ni la sista wa Kijerumani aliyewafundisha babu zetu kupika maharage. Unaweza kufikiri damu yangu ilivyochemka; eti Wamatengo walikaa na njaa wakimsubiri sista! Bwana mmoja mtumishi wa serikali, Edmund, mgeni kutoka Shinyanga, akadakia kwamba hakuna cha sista, hilo ni neno la Kimatengo, maana yake kitu kilicholainika. Nikamuuliza ana muda gani hapa Mbinga. Akasema miezi minane. Mtu wa meza ya pili akauliza kama mzee amekuja kula au kuhukumu, wakacheka wote.

Ndipo Natalia akatoka jikoni akifuta mikono. Mgahawa ni wake. Amehama kutoka kijijini kwetu Mkumbi mwezi uliopita. Winnie ni mwanawe, na hata yeye hajawahi kuambiwa habari ya jina lile. Nikaisukuma sahani kando.

Sasa nisikilize. Siku ile baba alipoalika majirani kuchimba ngolo shambani, yale mashimo yetu ya kuzuia maji mteremkoni, wewe na Natalia mlipika kande. Mlitanguliza maharage, yakayeyuka. Mahindi yakabaki kokoto. Wachimbaji wakarudi na njaa yao. Ukiwa jikoni ukasikia kicheko uani, kwa sababu kuna mtu alisema, "Leo hatuli kande, tunakula walburga." Ulipotoka kuuliza ni nani, mimi nilikuonyesha Natalia. Alikana, hukumwamini. Mkumbi nzima ikalichukua jina, ukaolewa ziwani huku limekutangulia.

Aliyesema ni mimi, dada. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilitaka wakubwa wacheke, wakacheka. Uliposimama mlangoni na mwiko mkononi, nikaogopa. Mwaka hadi mwaka nikaona ni afadhali kuwafokea watu juu ya mahindi.

Nilimwambia Natalia hayo pale pale, mbele ya wateja. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Pankras," akasema. "Ningekutaja, dada yako angekuchukia wewe. Rafiki angepata mwingine. Mdogo wake ulikuwa mmoja tu."

Nikamuuliza kwa nini basi analiandika jina hilo ubaoni. Akasema sufuria ile mlipika wawili, na tangu siku hiyo hajapata mtu wa kupika naye. Akasema pia kwamba ukitaka alifute, atalifuta, na hatakulaumu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hiyo ingekuwa njia ya mkato, na nimeshapita njia za mkato za kutosha. Alhamisi nitashuka naye. Yeye ndiye atakayebisha hodi. Mimi nitabaki kule barabarani mpaka umtume mtu kwangu, hata kama ni wa kuniambia nipande gari nirudi.

Watoto wape salamu zangu, na mama mkwe wako umfikishie shikamoo yake. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako,
Pankras