Siku Vinu Vilipolazwa

Kituoni, karibu na Kinyangiri,
Wilaya ya Iramba, Singida.

Mke wangu mpenzi, Mama Zawadi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Zawadi wetu. Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la pamba, aliyeikunja mfukoni mpaka pembe zikalika, lakini kila neno nimelisoma. Nimefurahi kusikia kikohozi cha mtoto kimepungua, na kwamba sasa anatembea mwenyewe mpaka zizini. Mama umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo pembeni anakusikiliza. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake nitakueleza. Usome mpaka mwisho hata kama utakasirika.

Umeandika kwamba mwisho wa mwezi utatoka huko Lushoto na mtoto, upande treni mpaka Dodoma, halafu basi mpaka Singida mjini, nije kukupokea. Ukanitania kwamba unakuja kumwona mke mwenzio, ile sindano ya mtambo wangu wa kupimia matetemeko. Nilicheka peke yangu. Chumba chako kilikuwa tayari, katika tembe la Mzee Mkumbo, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye amenipangisha tangu nifike. Nyumba za huku hazina bati wala nyasi. Juu wanalaza magogo na fito, halafu wanashindilia udongo, paa linakuwa bapa kiasi kwamba mbuzi anaweza kulala juu yake. Mkewe, Mama Agnesi, aliposikia unakuja alipanda akaongeza tabaka jipya la udongo ili mvua zisikulowanishe. Nilimshukuru sana. Siku hizi nikilitazama paa lile nawaza uzito wake tu.

Wewe husema kazi yangu ni kulinda sindano, na si uongo. Mtambo umekaa ndani ya kibanda cha mawe, juu ya mwamba. Pipa dogo linazunguka polepole usiku na mchana, limevishwa karatasi ninayoipaka masizi kwa moshi wa mafuta ya taa, na sindano inakwangua mstari mweupe juu ya weusi. Ndiyo sababu vidole vyangu havitakati hata Jumapili. Ardhi ikitikisika, hata kwa kiasi ambacho hakuna mtu angehisi, mstari unayumba. Kila asubuhi natoa karatasi, naipitishia vanishi isifutike, naisoma, najaza kadi, na kadi inakwenda makao makuu. Tetemeko hufika mara mbili: kwanza mtikisiko mwepesi wenye haraka, halafu ule mzito unaochelewa. Nafasi iliyo kati yake hutuambia umbali, kama unavyohesabu tangu radi imulike mpaka ingurume. Lakini ni umbali tu, upande siujui. Kwa hiyo serikali imeweka vituo mbalimbali nchini, na makao makuu wanachora duara la kila kituo kwenye ramani. Maduara matatu yakikutana, tetemeko limetoka hapo. Kituo kimoja kikikosekana, wanabaki kubahatisha.

Mke wangu, kituo kilichokosekana ni changu.

Nilipofika hapa watu walikuwa wametawanyika, kila mji na mashamba yake, na mwamba wangu ulikuwa kimya. Mwaka huu wakahamishwa, wakapangwa mistari kando ya barabara, chini kidogo tu ya kituo. Kila alasiri wanawake wanatwanga mtama na uwele kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, na sindano ikaanza kutapatapa. Siku ya kwanza nilitoka mbio na kalamu sikioni. Nikawakuta wanatwanga na kuimba, wakanicheka, nami nikajicheka. Tangu hapo kila nilipoona mikwaruzo midogo niliandika kwa penseli pembeni "vinu", wala kwenye kadi sikuitia. Nilijiona mjanja sana. Hata mkubwa wangu wa makao makuu alinisifu kwa kadi safi.

Halafu mama yake Mzee Mkumbo akafariki, bibi aliyekuwa akiniita "mpika masizi". Hapa msiba ukiingia, vinu vyote vya kijiji vinalazwa ubavu, na hakuna mchi unaoinuliwa mpaka matanga yaishe. Unga waliletewa na ndugu kutoka Iguguno. Watu wote wakahamia nje uani, wakalala kwenye mikeka. Nami nilikuwa nao, nikasaidia kuchimba kaburi, na asubuhi ya siku ya pili nikapanda mwambani kubadilisha karatasi kama kawaida.

Mikwaruzo ilikuwa ile ile. Pengine imezidi. Nikakagua sindano, nikatazama kama panya wameingia, nikakaza kila kilichokazika. Asubuhi iliyofuata, hali ile ile, na kijiji kizima vinu vimelala. Nikafungua sanduku la karatasi za nyuma nikazitandaza sakafuni. Mtwangio una mpigo wake, unakwenda sawasawa. Lakini katikati yake, kila wiki, kulikuwa na mikwaruzo mingine iliyoanza ghafla, ikaanza tena mara ya pili, ikafifia. Kati ya kuanza na kuanza kulikuwa na nafasi fupi mno, huwezi kuhesabu hata tatu. Yalikuwa matetemeko, tena ya karibu. Na juu ya kila mmoja palikuwa na mwandiko wangu mzuri: vinu, vinu, vinu.

Nililia, Mama Zawadi. Sijakuficha kitu tangu tuoane, nami sitaanza leo.

Nikadandia lori mpaka Singida mjini, nikapiga simu makao makuu kutoka posta. Nilimwambia mkubwa kila kitu.

"Vituo viwili vimekuwa vikituletea hayo hayo," akasema. "Maduara mawili yanakatana sehemu mbili. Moja ni kwako hapo. Nyingine ni mbali, pori tupu. Wewe ulisema kwako hakuna kitu, basi tukaweka alama porini."

"Na sasa?"

"Sasa tunaifuta."

Nikamuuliza kama tetemeko kubwa litakuja. Akasema hakuna ajuaye, mtambo unaandika yaliyopita tu, pengine yatakoma yenyewe kama yalivyoanza. Kisha akasema watu wasilale chini ya mapaa yale. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo limenikaa moyoni kuliko kama angenifukuza kazi.

Nilirudi nikamvuta Mzee Mkumbo kando, pale pale matangani. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Alisikiliza huku akichora chini kwa fimbo.

"Kijana wangu," akasema, "watu hawa nimewahamisha mwenyewe mwaka huu. Nilisimama mbele yao nikasema hapa ni pazuri. Leo niwaambie ardhi ya hapa inatetemeka? Watasema wanataka kuhamishwa tena. Watanipiga mawe."

"Mzee, wakilala ndani..."

"Sasa wamelala wapi?"

"Nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya msiba."

"Basi," akasema, "mama yangu hajamaliza kuliliwa."

Yeye ni mtoto wa kwanza, siku za matanga anazipanga yeye. Akaziongeza. Watu walinong'ona kwamba mzee amezidi, bibi alikuwa mkongwe, ameshakula chumvi nyingi, mbona analiliwa kama aliyekufa kijana. Yeye akachinja mbuzi mmoja, halafu wa pili, ili wasiondoke. Kila siku nilimpelekea habari za karatasi, naye kila siku aliuliza swali moja, "Imepungua?" Sikupata hata siku moja ya kumjibu ndiyo.

Lakini unga umekwisha. Iguguno nako wamechoka kutuletea. Watoto wanalia njaa, na leo asubuhi wanawake wamemwendea Mzee Mkumbo wakamwambia kwa heshima kwamba matanga yamekwisha. Mikeka imekunjwa, vyombo vimerudishwa ndani, na sasa hivi ninapoandika vinu vimeinuliwa. Kijiji kizima kinatwanga, wanaimba. Leo watalala chini ya mapaa yao. Mimi nimejijengea kibanda cha nyasi nyuma ya mwamba, na mzee amesema yeye na mkewe watalala uani, watu waseme wanavyotaka.

Najua utaniambia nirudi nyumbani. Nimelitaka hilo kuliko unavyodhani. Ila nikiondoka, maduara yanarudi kuwa mawili, na nimeshawakosea watu hawa mara moja. Kwa hiyo nakuomba, nikiwa nimepiga magoti, ahirisha safari kidogo mpaka karatasi zitulie. Nakuogopea, na mtoto namwogopea zaidi. Ukiniona nimekuwa mwoga, sawa.

Nisalimie kaka mkubwa anayetunza ng'ombe wetu, na shemeji mwalimu, umwambie kitabu chake ninacho bado. Mjomba fundi cherehani umpe shikamoo. Babu wa kanisani aniombee, na awaombee hawa wa hapa kwa kuwa hawajui. Zawadi umbusu kwenye kichogo, pale penye nywele zisizokubali chanuo.

Mimi mumeo akupendaye,
Baba Zawadi.

Mama Zawadi, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena. Vinu vimenyamaza, vyote mara moja, katikati ya wimbo. Hakuna aliyewaambia kitu; mara hii wameisikia ardhi wenyewe. Nimechungulia kutoka mwambani: wanawake wamesimama michi mikononi, na Mama Agnesi anatazama juu, kwenye udongo aliouweka kwa ajili yako. Hapo juu nimeandika uahirishe safari kidogo. Nalifuta neno hilo. Usije.