Weka Mbao, Achieng

Achieng mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika ndugu zangu wote, hata daktari aliyesema sitafika sabini. Hapa Kombewa tuko wazima, lakini sipati usingizi tangu uulize ngazi ziwe za mbao au kapeti, na mtoto wako ndiyo kwanza ameanza kutambaa.

Weka mbao. Nikiwa mpishi kule Milimani, tajiri wangu alitandika kapeti ngazi yote. Mtoto wake akapanda mpaka juu, hakuna aliyesikia. Nilimdaka hewani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sufuria ya uji.

Utasema kapeti ni laini akianguka. Mimi nataka umsikie kabla hajaanguka.

Ukibisha, muulize nyanya yako hapo kwako. Ndiye aliyekuwa yaya wa yule mtoto, na siku hiyo ndipo alipoanza kuitikia salamu zangu.

Babu yako