Kisima Bila Kapi

Chanika, 9 Julai 1951

Kaka Sadallah,

Shikamoo. Kapi la kisima liliondoka Jumapili tarehe mosi Julai, kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati mie nipo kwa Mzee Kondo namsaidia kumenya muhogo. Niliporudi nikakuta ndoo imelala chini na alama za baiskeli kutoka kisimani hadi barabarani. Mzee Kondo anasema ulimpungia mkono, gunia likining'inia nyuma. Kwa hiyo siulizi nani. Nauliza kwa nini.

Sie huku wazima. Natumai wewe, wifi Hamisa na watoto hamjambo.

Sasa nikupe hesabu. Kisima kina pima tano. Miche yangu ya minazi ni sitini, kila mmoja unakunywa nusu debe kila siku ya tatu. Hiyo ni miche ishirini kwa siku, madebe kumi. Kamba ikizunguka juu ya kapi, nilikuwa namaliza jua halijachoma. Bila kapi kamba inasugua ukingo, nusu debe kwa nusu debe, mara ishirini, na viganja vyote viwili vimechubuka.

Siku ya arobaini ya baba ulikaa mkekani na wazee ukawasikia wakisema: ardhi tutaizungumza, lakini aliyepanda mti, mti ni wake, ilimradi upite kiangazi kimoja na utoe jani jipya kwa mvua za vuli, wazee waje wauhesabu. Na penye mti wa mtu, ardhi haiuzwi bila kumuuliza. Miche hii nimeipanda mie. Rudisha kapi.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Kinondoni, 21 Julai 1951

Mdogo wangu Mwanakombo,

Marahaba. Sie wazima, ila wifi yako ana kikohozi kidogo. Barua yako ina tarakimu nyingi kuliko salamu.

Kapi nimelichukua, sikuliiba. Ni la baba, na katika urithi mwanamume ana mafungu mawili, mwanamke moja. Kapi halikatiki vipande vitatu. Nimelifunga kisimani kwangu, na majirani wanalisifu.

Nikwambie na la pili, usije ukalisikia kwa watu. Yupo bwana mmoja wa mjini analitaka lile shamba, ila hataki ardhi yenye miti ya mtu. Nimemwambia angoje vuli ipite. Wewe umeachika, mtoto huna, unavuta maji kama punda kwa ajili ya nani? Njoo Kinondoni. Chumba cha uani kitupu, utamsaidia wifi yako maandazi. Miche ikifa, itakuwa kudra ya Mungu, hapana atakayekulaumu.

Kaka yako,
Sadallah


Chanika, 13 Agosti 1951

Kaka,

Shikamoo. Mpe pole wifi, achemshe majani ya mpera anywe asubuhi na jioni. Ahsante kwa kusema wazi. Wewe unaingoja vuli, nami naingoja hiyo hiyo.

Tangu barua yako nimefanya majaribio. Nilisimamisha nguzo mbili za mkwaju zenye panda, nikalaza gogo la mnazi juu, kamba ikapita hapo. Lilipiga ukelele mpaka Mzee Kondo akaja mbio na panga: "Mwanakombo! Unamchinja nani?" Lilidumu siku sita tu. Kamba ililila gogo na gogo likaila kamba, ndoo ikaenda chini pima zote tano. Niliiopoa kwa ndoana niliyoipinda kutoka kwenye mkono wa ndoo ya zamani. Siku nzima nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa kisima nikitukana, na aliyekuwa anatukanwa wamjua.

Basi nikageuza swali. Kama siwezi kupandisha maji mengi, nipunguze kiu ya miche. Nimezungushia kila shina makumbi ya nazi, jua lisipate kuigusa ardhi. Pembeni ya kila mche nimefukia chombo chenye tundu moja la msumari, maji yanadondokea mizizini polepole. Wanawake wa hapa wameniletea vyungu vyao vilivyopasuka, thelathini na vinne. Ishirini na sita vilivyobaki nimevipata kwa kukata madebe mabovu kumi na matatu nusu kwa nusu. Sasa mche unastahimili siku tano. Sitini gawa kwa tano ni miche kumi na miwili kwa siku, madebe sita. Wewe umeniondolea kapi, mie nimejiondolea madebe manne.

Miwili imekufa, sikufichi. Hamsini na minane ipo.

Mdogo wako asiyehama,
Mwanakombo


Chanika, 24 Septemba 1951

Kaka,

Shikamoo. Hukujibu. Labda kikohozi kimekuingia na wewe.

Yupo hapa fundi wa baiskeli, Fransis, Mhaya, alikuja kusoma Pugu akabaki. Mlangoni kwake nililiona gurudumu limepinda, la mwalimu mmoja aliyetumbukia korongoni.

Nikamuuliza, "Linazunguka?"

"Linazunguka kama mlevi, mama. Baiskeli haiendi nalo popote."

"Kisima nacho hakiendi popote. Mie nataka lizunguke tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalitazama tena, akachukua bisibisi. Tuling'oa tairi, tukalinyoosha kidogo kwa jiwe, tukalifunga kwenye zile panda za mkwaju. Pale palipokaa tairi ndipo inapopita kamba, kama vile lilitengenezwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Nimempa pishi nne za makopa ya muhogo.

Kosa lilikuwa langu. Nilipaka kile ninachokijua, mafuta ya nazi. Siku ya nne likaanza kukwaruza. Tulipofungua katikati tukakuta mafuta na vumbi vimeshikana kama uji uliolala. Nikakamua mbegu za nyonyo, nikapaka mafuta yake. Wiki tatu sasa halijatoa sauti.

Kapi la baba lilitaka mikono miwili na mgongo. Hili navuta huku nabishana na jirani, na nashinda kote kuwili. Visima saba vya Chanika vimeshafungwa magurudumu kama yangu, Fransis amemaliza mabovu yote aliyokuwa nayo.

Hamsini na saba. Mmoja umeliwa na mchwa, nimemwaga majivu mashina yote.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Kinondoni, 20 Oktoba 1951

Mdogo wangu,

Salamu. Sie wazima. Habari zako zimefika, hata sokoni huku mtu ameniuliza kama mie ni ndugu yake yule fundi wa kike wa Chanika. Usivimbe kichwa. Gurudumu ni gurudumu na mti ni mti. Kiangazi bado kina meno.

Siku ya kuhesabu nitakuja na yule bwana, aone kwa macho yake. Usipike kingi, hatutakaa.

Kaka yako,
Sadallah


Chanika, 18 Novemba 1951

Kaka,

Shikamoo. Natumai mlifika salama na mvua haikuwakuta njiani.

Nayaandika ya juzi Ijumaa, tarehe 16, ili pasiwe na mtu wa kuyasahau. Wazee walikuwa tisa. Mzee Kondo alihesabu kwa sauti, kila mche wenye jani jipya anaugusa kwa fimbo. Hamsini na saba. Ukasema amerudia safu ya tatu. Ukapewa fimbo uhesabu mwenyewe. Ulishika kila jani kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta tundu kwenye kanga ya dukani, tukakusubiri, hakuna aliyekuharakisha. Ukafika mwisho ukasema, kwa sauti ndogo, hamsini na saba. Vigelegele vya wanawake vilifika hadi barabarani.

Yule bwana wako hakuwepo kwenye kuhesabu, alikuwa kisimani. Alivuta ndoo ya kwanza akacheka, akavuta ya pili bila kuambiwa. Kisha akakwambia mbele ya watu wote: "Bwana Sadallah, uliniambia pori. Hili ni shamba la mtu." Akanigeukia akaniamkia, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Likabaki jambo moja. Mzee Kondo alikuomba utamke yale maneno ambayo kila mrithi hutamka: nimeiona miti, ni ya fulani. Ukasema njia ni mbali. Nilikuwa nimepika wali na kuku wawili. Uliondoka hujagusa sinia, wazee wakabaki wanatazamana, na bila neno lako hesabu haijafungwa.

Kaka, umeninyima kapi, nikapata maji. Ukaniletea mnunuzi, akaniamkia mie. Neno hili siwezi kulitengeneza kwa bati wala kwa gurudumu, liko kinywani mwako. Mvua imeshika na nina miche mingine arobaini tayari kwa upande wa bondeni.

Wazee watakaa tena Ijumaa tarehe 30 Novemba. Sitaki mafungu mawili, sitaki kudra, sitaki kikohozi cha wifi. Miti hamsini na saba iliyo Chanika ni ya nani? Njoo useme, au uandike, lakini jibu liwe mkononi kwa Mzee Kondo kabla ya adhana ya adhuhuri siku hiyo.

Mdogo wako,
Mwanakombo