Pumzi za Dakika Nzima

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji ameacha kupika ile chai yake nzito kama lami. Mimi kwa mwili sijambo. Moyo ndio una lake, na utalisikia ukisoma kwa utaratibu, tafadhali usirukie mwisho kama ulivyozoea kwenye vitabu.

Habari njema kwanza: nimepata! Ile nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu niliyokuwa nikiiota, wamenipa, imebaki kutia saini tu. Miaka minne ya kuchunguza jinsi vishikwambi vinavyowashauri wauguzi: mtoto huyu arudi nyumbani, huyu apewe dawa, huyu akimbizwe hospitali. Nimeonyeshwa mpaka meza yangu, ghorofa ya tatu. Dirisha halifungi vizuri, basi mapazia meupe yanavimba na kunywea, yanavimba na kunywea siku nzima. Nikiyatazama sana nasinzia macho wazi. Naona matumbo madogo ya watoto wagonjwa yakipanda na kushuka, na wewe umeinama juu yao, midomo inahesabu kimya kimya. Profesa alinikuta hivyo akaniuliza kama nipo. Nikamjibu nipo njiani narudi. Alicheka, mama wa watu.

Ngoja nikueleze nilivyoipata. Kwenye usaili profesa alisema mambo ya mashine anayajua, anataka nimwambie asichokijua. Nikamwonyesha takwimu za kituo chenu cha afya, za miezi ile sita niliyokuwa karani hapo. Si unajua kishikwambi kinataka pumzi za mtoto zihesabiwe dakika nzima? Lakini foleni imefika getini, nani ana dakika? Wenzako wanahesabu robo dakika, wanazidisha kwa nne, wanaita mwingine. Ndiyo maana orodha nzima ni arobaini, arobaini na nne, arobaini na nane, utadhani watoto wamekula njama. Ukikosea pumzi moja, umekosea nne, na mashine, maskini, inaamini kila inachoambiwa. Mwenye nimonia anarudishwa nyumbani.

Isipokuwa kwa muuguzi mmoja. Watoto wake walikuwa na thelathini na saba, hamsini na moja, arobaini na tatu. Profesa alivua miwani akasema huyo ndiye utafiti wenyewe, akauliza ni nani. Nikajibu sijui, kwa kuwa kwenye orodha wauguzi ni namba tu. Nilidanganya, dada. Namba saba ni wewe.

Na hilo ni dogo. Unakumbuka walivyokutoa chumba cha watoto wakakupeleka kwenye dirisha la mafaili? Mkuu wa kituo alikuambia kuna taarifa inayoonyesha unachelewesha foleni. Wenzako waliozoea kukuita Kobe wakakuaga kwa vigelegele vya utani, ukacheka nao, halafu ukaja kwangu ukalia mpaka mto ukalowa. Ukaniuliza ni mtu gani anaweza kuandika hivyo bila hata kuja kukutazama ukifanya kazi. Nikakupa maji. Nikasema dunia ina watu wabaya.

Niliandika mimi.

Niliwapanga wauguzi kwa muda wanaotumia kwa kila mtoto, wa mwisho akawa namba saba, na namba yako naijua, mimi ndiye niliyekusajili. Kidole kilisita, kisha kikatuma. Nilitaka mkuu aone sina upendeleo, anipe barua nzuri ya kuombea chuo. Akanipa. Wakati ule sikujua maana ya dakika zako. Nilipojua, nikanyamaza miezi mitano. Kwa hilo sina udhuru. Naona aibu, dada, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Juzi nilimweleza profesa yote. Hakufoka. Alisema aliyeumizwa na takwimu hizo ndiye mwenye kuamua kama zitumike, na ataniwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Bila saini yako, hakuna shahada. Mkuu wa kituo naye nimemwandikia kwamba taarifa yangu ilipotosha, na kwamba aliyekuwa akiifanya kazi ile inavyotakiwa alikuwa mmoja tu. Amenijibu asubuhi hii: Jumatatu unarudi chumba cha watoto. Hilo ni lako, hata kama hutataka kuniona tena.

Fomu ya ridhaa iko humu ndani. Ukiisaini, nitasoma. Ukiichana, nitarudi kutafuta ukarani, wala sitakulaumu.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mama nitamwambia mwenyewe. Usinitangulie, dada, na safari hii nakuomba sana, usinitetee.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba